Kufungua kampuni ya teknolojia katika eneo huru la Dubai: anza na ankara, leseni ifuate

Dalali wa leseni, awe ana ofisi mtaa wa Deira au awe ni sauti tu ya WhatsApp, hukupa ahadi tatu: kampuni ni yako yote, kodi ni sifuri, viza ni wiki mbili. Ya kwanza ni kweli, ila tangu Juni 2021 haihitaji eneo huru, yaani eneo lililotengwa lenye mamlaka na kanuni zake za biashara, kwa kuwa hata nje ya maeneo hayo shughuli nyingi zinaruhusu mgeni kumiliki asilimia 100. Ya tatu inategemea makaratasi yako. Ya pili ndiyo inayowaumiza watu. Sifuri ipo, lakini haifuati anwani ya ofisi. Inafuata aina ya pesa inayoingia na nani anayeilipa. Ndiyo maana hatua zilizopo hapa zimepangwa kinyume na za madalali: ankara kwanza, kodi ifuate, kisha eneo, halafu leseni.

Ahadi hiyo ilikotoka

Eneo huru la Jebel Ali lilianza 1985, likiwa la bandari, maghala na viwanda. Dubai Internet City ilitangazwa Oktoba 1999 na ikafunguliwa Oktoba 2000, safari hii kwa watu wa programu na mitandao. Microsoft, Oracle na IBM ni kati ya waliotangulia kuingia. Wakati huo mgeni aliyefungua kampuni nje ya eneo huru alilazimika kumpa mwenyeji asilimia 51 ya hisa. Ndani ya eneo hisa zote zilikuwa zake, na sheria ya mwaka 2000 iliahidi miaka 50 bila kodi.

Ukuta wa hisa ulianguka 2021. Wa kodi ulipata mlango kwa sheria ya shirikisho namba 47 ya mwaka 2022: kuanzia miaka ya hesabu inayoanza 1 Juni 2023 au baadaye, kampuni hulipa asilimia 9 ya faida inayozidi dirham 375,000. Kampuni za maeneo huru zimo ndani ya sheria hiyo. Zinasajiliwa, zinawasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), na zikitaka sifuri zinapaswa kuthibitisha kwamba zinaistahili. Makundi makubwa ya kimataifa, yale ambayo mauzo yao ya dunia yalifika euro milioni 750 angalau katika miaka miwili kati ya minne iliyopita, tangu Januari 2025 hulipa kodi isiyopungua asilimia 15. Kwa hiyo ukiona majina makubwa kwenye majengo ya Internet City usidhani yamefuata sifuri. Yamefuata wateja wa Mashariki ya Kati na Afrika, uwanja wa ndege, viza rahisi za wafanyakazi, na majirani wa kazi zao.

Jedwali la wateja

Kabla hujamjibu dalali, chukua karatasi na uichore safu nne: nani analipa, amesajiliwa wapi, analipia nini, kiasi gani kwa mwaka. Tuseme kampuni yako itakuwa na wateja hawa:

Duka la mtandaoni, Nairobi: matengenezo ya programu, dirham 360,000.
Kampuni ya mizigo, ndani ya Jebel Ali: mfumo wa ghala, dirham 500,000.
Kliniki, Dubai bara: tovuti na mfumo wa miadi, dirham 140,000.
Watu binafsi, nchi mbalimbali: malipo ya mwezi ya programu ya simu, dirham 200,000.

“Bara” hapa ni Dubai iliyo nje ya maeneo huru. Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sasa pitia mstari kwa mstari.

Malipo ya kampuni iliyo ndani ya eneo huru, inayotumia huduma hiyo yenyewe, kwa kawaida yanastahili sifuri. Mstari wa Jebel Ali umepita.

Malipo ya mteja aliye nje ya maeneo huru, awe Nairobi, London au Dubai bara, yanastahili sifuri tu kama kazi yenyewe imo katika orodha ya shughuli zinazokubaliwa. Orodha hiyo ina utengenezaji wa bidhaa, kushikilia hisa, uendeshaji wa meli, bima mtawanyo (bima ya kampuni za bima), usimamizi wa mifuko ya uwekezaji, huduma za makao makuu kwa kampuni za kundi moja, usafirishaji na uhifadhi wa mizigo, na usambazaji wa bidhaa kutoka maeneo maalumu (maeneo huru ambayo kwa VAT ya bidhaa huhesabiwa kuwa nje ya nchi). Kumwandikia mteja programu, kumtengenezea tovuti au kumpa ushauri wa mifumo havimo. Nairobi na kliniki vimekwama.

Malipo ya watu binafsi yametengwa, isipokuwa katika shughuli chache ambazo si za programu. Mstari wa mwisho nao umekwama, labda programu hiyo iwe ni hakimiliki yako mwenyewe. Pato la hataza (haki ya mvumbuzi) au la hakimiliki ya programu lina njia yake: sehemu inayopata sifuri hupimwa kwa uwiano wa gharama za utafiti na uundaji ulizobeba mwenyewe. Anayetaka njia hiyo atunze saa za kila mwandishi wa programu, kwa kila mradi, tangu siku ya kwanza. Kuzibuni mwaka ukiisha haiwezekani. Alama ya biashara haimo kabisa katika njia hii.

Kisha piga hesabu ya kizingiti. Mapato yasiyostahili yasizidi asilimia 5 ya mapato yote au dirham 5,000,000, kile kilicho kidogo. Jumla ya mfano wetu ni 1,200,000, kwa hiyo kizingiti ni 60,000. Yasiyostahili ni 700,000. Kampuni hii haina sifuri ya eneo huru, hata ikipanga ghorofa nzima Internet City.

Kuvuka kizingiti hakuadhibu ile ziada peke yake. Hadhi yote ya sifuri inaondoka, kwa mwaka huo na minne inayofuata. Kampuni yenye mapato ya 10,000,000 ikipokea 600,000 yasiyostahili imepita kizingiti chake cha 500,000, na faida yake yote inaangukia kodi ya kawaida kwa miaka mitano. Mkataba mmoja wa ziada, uliosainiwa na mtu wa mauzo bila kumuuliza mhasibu, unatosha kuleta hasara hiyo.

Wakati mwingine sifuri si ya kuikimbilia

Kampuni ndogo mara nyingi hupata nafuu zaidi kwa kukubali kwamba ni ya kawaida. Tuseme mapato ni 1,200,000 na faida 500,000. Kwa kodi ya kawaida, 375,000 za kwanza hazitozwi; zinabaki 125,000, na asilimia 9 yake ni dirham 11,250. Na kama mapato hayazidi dirham 3,000,000, katika mwaka huo na miaka ya nyuma yake chini ya sheria hii, unaweza kuomba nafuu ya biashara ndogo, ambayo inaifanya kodi kuwa sifuri kwa vipindi vinavyoisha kabla au ifikapo 31 Desemba 2026. Haiji yenyewe. Unaichagua ndani ya ritani. Na kampuni yenye hadhi ya sifuri ya eneo huru haiwezi kuipata.

Upande wa pili, hadhi hiyo ina gharama zake: hesabu zilizokaguliwa kila mwaka hata uwe mdogo kiasi gani, nyaraka za bei kati yako na kampuni ndugu, na uwepo wa kweli ndani ya eneo, yaani wafanyakazi, vifaa na matumizi yanayolingana na pato. Dawati la kukodi lisilokaliwa na mtu halitoshi. Nafuu ya 375,000 nayo haipo kwa mwenye hadhi: pato lake linaloangukia kodi hutozwa 9 tangu dirham ya kwanza. Weka hesabu hizi mbili kwenye karatasi moja, bega kwa bega, ndipo uamue.

Kuchagua eneo

Falme za Kiarabu zina maeneo huru zaidi ya 40, na kwa mtu wa teknolojia tofauti za maana si nyingi. Internet City ina majirani wakubwa na kituo chake cha metro, na pango lake linaakisi hilo. Dubai Silicon Oasis iko mbali na pwani, ina nafasi za pamoja za kampuni changa. Kampuni ya fedha za kidijitali itatazama DIFC, eneo huru la fedha la Dubai, au ADGM, lile la Abu Dhabi, kwa kuwa maeneo hayo mawili yana sheria zake za biashara na mahakama zake zinazoendeshwa kwa Kiingereza. Leseni rahisi kabisa ziko falme nyingine, kama Ras Al Khaimah. Huko si kubaya, lakini muulize kwanza afisa wa benki unayoitaka kama hupokea kampuni za eneo hilo. Leseni ya bei ya chini isiyo na akaunti ni karatasi ya kutundika ukutani.

Kama wateja wako wengi wako Dubai bara, jiulize kwa nini usifungue bara moja kwa moja. Tangu 2025 Dubai ina kibali kinachoruhusu kampuni ya eneo huru kufanya kazi bara kwa dirham 5,000 kila miezi sita, lakini pato la huko hutozwa asilimia 9 na hesabu zake ziwekwe mbali na nyingine.

Leseni, hatua kwa hatua

1. Chagua shughuli kutoka orodha ya mamlaka ya eneo, neno kwa neno. Uundaji wa programu, ushauri wa teknolojia na uuzaji wa vifaa ni shughuli tatu tofauti. Ukiuza kompyuta kwa leseni ya ushauri, atakayekushika mapema ni benki.

2. Peleka majina matatu ya kampuni. Ya kidini, ya kiserikali na yanayofanana na kampuni nyingine hukataliwa.

3. Ombi la awali: nakala za pasipoti, wasifu wa wanahisa, mpango wa biashara wa kurasa chache. Kila mwenye asilimia 25 au zaidi hutajwa kama mmiliki halisi, hata akiwa nyuma ya kampuni mbili.

4. Mwanahisa akiwa ni kampuni ya nyumbani, makaratasi ndiyo yanayokula muda. Cheti cha usajili, katiba ya kampuni na azimio la bodi vinapita kwa wakili mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, na mwisho wizara ya mambo ya nje ya huko. Falme za Kiarabu hazimo katika mkataba wa Hague wa uthibitisho wa nyaraka. Kwa hiyo mhuri wa apostille, ambao Burundi, Rwanda na nchi za Ulaya hutoa, hauruki hatua hata moja. Jina la mkurugenzi liandikwe sawasawa na pasipoti katika kila karatasi. Karatasi moja ikisema Mohamed na nyingine Mohammed, mlolongo wote unaanza upya.

5. Mkataba wa pango. Ukubwa wa ofisi ndio unaotoa idadi ya viza. Kipimo kilichozoeleka ni karibu mita za mraba 9 kwa mtu, ingawa kila mamlaka ina chake. Hesabu watu utakaowahitaji katika miezi 12, usihesabu walio mkononi leo tu.

6. Leseni ikitoka, omba kadi ya uanzishwaji, inayoiandikisha kampuni uhamiaji kama mwajiri. Bila hiyo hakuna viza hata moja.

7. Viza ya mkazi: kibali cha kuingia, kipimo cha damu na picha ya kifua, alama za vidole, kitambulisho cha Emirates. Pima nyumbani kabla ya kusafiri, kwa sababu majibu ya VVU na kifua kikuu yanaweza kuzuia ukaazi wakati pesa za leseni umeshalipa. Ukishapata ukaazi wa kawaida, usikae nje zaidi ya miezi sita mfululizo, unafutika.

8. Bajeti ya mfanyakazi: hakuna kodi kwenye mshahara, lakini kuna bima ya afya ambayo Dubai ni lazima, viza yake, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30. Kitenge kila mwezi. Kampuni nyingi hugundua deni hili siku mtu anapoacha kazi.

Benki

Hapa ndipo wiki mbili za dalali zinapogeuka miezi. Benki nyingi zinamtaka mwenye saini awe na kitambulisho cha Emirates, kwa hiyo akaunti huja baada ya viza. Usisaini mkataba unaodai ulipwe kwenye akaunti ya Dubai mwezi ujao. Weka akiba ya gharama za miezi minne nje ya mapato unayoyatarajia.

Afisa wa benki anataka kujua mambo matatu: pesa inatoka kwa nani, kwa kazi gani, na wewe ulikuwa ukifanya nini kabla ya hapo. Mpelekee mikataba miwili au mitatu iliyosainiwa, taarifa za benki yako ya nyumbani za miezi sita, mkataba wa pango, na ukurasa mmoja wa Kiingereza chepesi unaotaja wateja kwa majina na kiasi kinachotarajiwa kwa mwezi. Pasipoti nayo ina uzito. Tanzania ilikuwa katika orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na Kenya iliingizwa Februari 2024. Hilo halikufungii mlango, linaongeza maswali tu. Jibu kwa karatasi; maelezo ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Ankara nazo husomwa. Ankara inayosema “Huduma, dirham 45,000” ni mwaliko wa kusimamishiwa malipo. Iandike hivi: “Matengenezo ya mfumo wa ghala, mwezi wa Machi, saa 90 kwa dirham 500, jumla dirham 45,000, kwa mujibu wa mkataba wa tarehe fulani.” Maneno yafanane na ya mkataba, na kazi ifanane na shughuli iliyo kwenye leseni. Uliza pia kiwango cha chini cha salio: katika benki nyingi za kawaida ni makumi ya maelfu ya dirham, na ukishuka unakatwa kila mwezi.

Kodi ya nyumbani haikuachi

Hili madalali hawalitaji kabisa. Sheria za Kenya na Tanzania zote mbili huihesabu kampuni ya nje kuwa mkazi wa kodi ikiwa usimamizi na uamuzi wa mambo yake unafanyika nchini. Ukikaa Mombasa au Mikocheni, ukasaini kila mkataba hapo na kuidhinisha kila malipo kwa simu yako, kampuni ya Dubai inaweza kudaiwa asilimia 30 ya nyumbani. Mkurugenzi anayeamua awe Dubai kweli, vikao vifanyike huko, na kumbukumbu ziandikwe siku ile ile, si siku mamlaka ya mapato itakapouliza.

Mteja wa Afrika Mashariki naye atakata kodi ya zuio kabla ya kukulipa: Tanzania asilimia 15 ya ada za huduma kwa asiye mkazi, Kenya kwa kawaida 20 kwa ada za kitaalamu na za usimamizi. Bei yako iwe imeshalizingatia hilo, na mkataba useme nani anaibeba.

Mwaka wa kwanza

Jisajili kwa kodi ya kampuni kwenye EmaraTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya kodi, ndani ya miezi mitatu tangu kampuni isajiliwe. Kuchelewa ni faini ya dirham 10,000, hata kama hujauza kitu. VAT ni asilimia 5, na usajili ni lazima mauzo yakizidi 375,000 katika miezi 12. Watu wengi hukosea hapa wakidhani ankara za wateja wa nje, ambazo VAT yake mara nyingi ni sifuri, hazihesabiwi. Zinahesabiwa. Na Internet City haimo kati ya maeneo maalumu ya VAT, kwa hiyo mteja wa ndani ya nchi mtoze 5 kama kawaida.

Ritani ya kodi ya kampuni na malipo yake ni ndani ya miezi tisa baada ya mwaka wa hesabu kuisha: mwaka ukiisha 31 Desemba, mwisho ni 30 Septemba. Kumbukumbu hutunzwa miaka saba. Mali bila daftari huisha bila habari, na Dubai huisha pamoja na faini. Mpe mhasibu nakala ya lile jedwali la wateja na lijazwe kila mwezi, pamoja na safu ya tano: imestahili au haijastahili.

Ukitaka kufunga, usiiache leseni ife yenyewe. Faini huendelea kuongezeka, na jina lako hubaki katika mfumo wa uhamiaji kama mwajiri mwenye madeni. Futa viza za wafanyakazi, kisha yako, pata barua za kumaliza deni kutoka kwa mwenye pango na kampuni ya simu, peleka taarifa ya mfilisi, na uombe kufutwa kwenye kodi ya kampuni ndani ya miezi mitatu tangu biashara isimame. Akaunti ya benki iwe ya mwisho kufungwa, kwa sababu dhamana za pango na za viza hurudishwa humo.